Bi Ludwika Zaremba na Dirisha la Kichochoro cha Washona Glavu

Baada ya miaka thelathini na sita ya kuongoza watalii katika Mji wa Kale wa Warshawa, Bi Ludwika Zaremba alistaafu Ijumaa, tarehe 27 Septemba, saa tisa na robo alasiri, akiwa amechelewa kumaliza mzunguko wake kwa dakika hamsini. Magoti yake yalikuwa yamemtangulia kustaafu kwa miaka kumi. Yaliyobaki yalikuwa makaratasi ya ofisi tu.

Mhariri wa jarida letu la wafanyakazi aliniagiza ukurasa mmoja, wa kuchangamsha, usio na mazungumzo ndani yake. Ukurasa mmoja umenishinda. Kuchangamsha nitajitahidi, ingawa ni mwisho wa msimu na mwandishi naye amechoka: tangu Mei nimezunguka Uwanja wa Soko mara mia tatu na ushei, na nimeulizwa choo kiko wapi mara nyingi kuliko nilivyoulizwa jina langu. Ama kumwandika Bi Ludwika bila kumwacha afungue mdomo, hilo haliwezekani. Asiyemsikia hamjui.

Wala sitampaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Mwenyewe amenikataza. "Andika yote, Seweryn," aliniambia, "na lile la dirisha usiliruke. Ukiliruka nakuja hapo ofisini na fimbo yangu." Kwa hiyo dirisha litakuja, maana ndilo lililomkosesha raha mwezi wake wa mwisho kazini. Nawaomba mvute subira kidogo.

Alizaliwa ng'ambo ya mto, mtaa wa Praga, mtoto pekee wa Mama Apolonia, fundi mwashi. Ndiyo, mwashi. Vita vilipokwisha mji ulikuwa kifusi na wanaume wengi walikuwa chini ya kifusi hicho, basi wasichana wakashika mwiko na timazi, wakajenga. Bi Ludwika yeye alishika chaki. Alifundisha historia katika shule ya msingi kwa miaka michache, akaona watoto hawamsikilizi, akahamia kwa watu wazima akitumaini kwamba wana adabu zaidi. Hilo, husema, ndilo kosa lake la kwanza.

Alijiunga nasi mwaka 1988, wakati nyama ikiuzwa kwa kadi za mgao na watalii wakihesabika kwa vidole. Alipewa mwavuli mwekundu wa kuinua juu ili kundi lisimpotee. Waya mmoja wa mwavuli ulivunjika mwaka uliofuata, na kila mkuu wa ofisi aliyepita aliahidi kununua mwingine. Wakuu sita wameondoka. Mwavuli ni uleule.

Katika miaka hiyo amemaliza jozi arobaini na moja za viatu. Magoti yalipoanza kumsumbua, hakuomba likizo. Aligundua historia mpya. Kila baada ya mwaka mmoja au miwili, mzunguko wake ulipata kituo kipya mahali penye benchi au ngazi ya kukalia. "Hapa tunakaa dakika tano," aliwaambia wageni kwa sauti nzito, "kwa heshima ya mahali penyewe." Wageni walikaa kwa heshima, wengine walivua kofia. Mpaka leo sisi wenzake hatujui ni nini kilitokea pale kwenye benchi la nyuma ya kanisa kuu, lakini tunakaa hapo kimya, maana na sisi magoti yameanza.

Kazi yetu, kwa asiyeifanya, inachosha kwa sababu moja tu: swali. Mji wetu ulichomwa na kubomolewa mwaka 1944, ukajengwa upya tofali kwa tofali, ukafanana na ule wa zamani. Kwa hiyo kila siku, kila kundi, kuna mtu mmoja ambaye atatazama nyumba zile za rangi ya haradali na ya nyanya, atakunja uso na kuuliza: "Hivi hii ni ya zamani kweli, au ya kuigiza?" Mimi nikiulizwa hivyo naishiwa nguvu za kuishi. Bi Ludwika alijibu kwa upole miaka yote. "Mji ulikufa, baba," alisema. "Huyu ni mwanawe. Amefanana na mama." Mzee mmoja alipong'ang'ania kwamba basi ni bandia, Bi Ludwika alimuuliza kama meno yake ni ya asili. Mzee akayatoa, akamwonyesha, na kundi zima likacheka hadi kwenye geti la mji.

Ndiye aliyetuandikia kitabu cha mwongozo, ambacho sote tumekikariri. Ndiye aliyetufunza, watu sitini na wanne kwa hesabu yake. Na kwa miaka ishirini na miwili alikuwa mtahini katika mtihani wa kupata kitambulisho cha kazi hii, na hapo ndipo yeye na mimi tulipokorofishana.

Sasa dirisha.

Ukitoka Uwanja wa Soko kwa kona ya kaskazini unaingia Kichochoro cha Washona Glavu. Nyumba ya tatu mkono wa kushoto, ghorofa ya pili, kuna dirisha dogo lililokaa peke yake, chini kidogo ya mstari wa wenzake. Halifunguki. Nyuma ya kioo chake kuna matofali yaliyopakwa rangi nyeusi. Kitabu cha Bi Ludwika, ukurasa wa thelathini na moja, kilieleza hivi: mji ulipojengwa upya, mafundi walifuata picha za kale zilizochorwa wakati wa wafalme. Mchoraji, kwa sababu zake mwenyewe, aliongeza dirisha ambalo halikuwepo. Na mafundi wetu, kwa uaminifu wao, wakalijenga pamoja na kosa lake.

Wageni walilipenda dirisha hilo kuliko kasri la mfalme. Na kwa kuwa walilipenda, Bi Ludwika alitia chumvi. Kufika mwaka 1995 mchoraji alikuwa na mpenzi, binti wa mshona glavu, na dirisha lilikuwa lake. Kufika mwaka 2003 binti alikuwa ameahidiwa mume mwingine. Mwaka 2010 baba mtu akapata bunduki. Sisi wanafunzi wake tuliyachukua yote, bunduki na kila kitu, tukayasema kwa lugha tisa. Mimi mwenyewe nimewaliza watu kwa bunduki ile.

Lakini mwaka nilipofanya mtihani, miaka kumi na tisa iliyopita, nilikuwa sijafika ukurasa wa thelathini na moja. Swali la kumi na nne liliuliza kwa nini kuna dirisha lisilofunguka katika Kichochoro cha Washona Glavu. Niliandika: "Sijui. Labda fundi alikuwa amechoka."

Bi Ludwika alisahihisha karatasi mbele yangu. Alipofika hapo alisimama, akatoka nje. Nilisikia bomba la maji likifunguliwa kule ukumbini. Aliporudi uso wake ulikuwa umelowa, akakaa, akaandika sifuri kwa wino mwekundu. Nilianguka kwa alama moja. "Kijana," aliniambia, "usibahatishe. Mji huu haukujengwa kwa labda."

Nilisubiri mwaka mzima kurudia mtihani. Mwaka huo niliuza maandazi yenye jamu ya waridi katika kibanda cha shangazi yangu kwenye kituo cha tramu, na hadi leo harufu ya waridi inanitia unyonge. Nilipofaulu na kuajiriwa, sikusahau. Kila nilipopishana naye kichochoroni nilimtupia neno: "Bi Ludwika, fundi alichoka!" Wenzetu walicheka. Yeye, ambaye hucheka hata msibani, hapo hakucheka hata siku moja. Nilidhani ni kiburi cha mwalimu.

Mwanzoni mwa Septemba mkuu wetu wa ofisi, Bwana Olgierd Pasek, ambaye atayasoma haya kabla hayajachapishwa na ninamwamkia, alituita chumbani kwake. Alitangaza zawadi ya kumuaga Bi Ludwika: kibao cha shaba chini ya lile dirisha, chenye hadithi yake kwa lugha nne, na jina lake chini yake. Kingefunuliwa mwisho wa mzunguko wake wa mwisho. Tulipiga makofi. Bi Ludwika alisema, "Msijisumbue." Bwana Olgierd akasema si usumbufu hata kidogo. "Basi ngojeni kwanza nife," akasema yeye. Tulicheka tena, tukaona ni unyenyekevu.

Haukuwa unyenyekevu. Tangu siku ile alibadilika. Alileta mkate wake na matango yake ya chumvi kama kawaida, akarudi navyo nyumbani bila kuvigusa. Mara mbili alimfuata Bwana Olgierd kumwomba kibao kisubiri hadi mwakani, bila kutoa sababu. Na pale dirishani, mahali alipokuwa akitumia robo saa nzima, alianza kupita mbiombio. "Lile ni dirisha," alisema, na kuendelea mbele. Tulipata barua ya malalamiko kutoka kwa familia moja iliyokuja kwa ajili ya bunduki.

Ofisi yetu ina desturi yake, na wageni huiona ya ajabu. Siku ya mwisho ya mwongoza watalii, sisi wenzake tunamfuata nyuma kama wageni, pamoja na kundi lake la siku hiyo, na kila mmoja ana haki ya kumuuliza swali moja la kijinga, miongoni mwa yale tuliyowahi kuulizwa kweli. Mstaafu sharti ajibu kwa uso mkavu. Hii ndiyo sherehe yetu; keki huja baadaye.

Ijumaa hiyo kundi lake lilikuwa wastaafu ishirini na wawili kutoka Toruń, watu wa hapahapa nchini, wenye viatu vizuri na maswali mengi. Sisi tulikuwa kumi na mmoja nyuma yao. Kwenye geti la mji Bwana Olgierd aliuliza, "Samahani mama, mji huu unafungwa saa ngapi?" Bi Ludwika akamjibu kwamba unafungwa saa mbili, na atakayebaki ndani atapewa ufagio. Mwenzetu mmoja akauliza kwa nini wafalme waliujenga mji mbali hivi na maegesho ya mabasi. "Mfalme alikuwa na goti zima," alijibu. Wazee wa Toruń walikuwa hoi kwa kicheko.

Tulifika kichochoroni saa nane na nusu. Chini ya dirisha, ukutani, kitambaa cheupe kilikuwa kimefunika kibao, na Bwana Olgierd akaenda kusimama pembeni yake, kamba mkononi. Swali langu lilikuwa bado. Nilikuwa nimelihifadhi kwa ajili ya mahali hapo, kwa miaka kumi na tisa.

"Samahani mama," nikasema kwa sauti ya mgeni mpumbavu. "Lile dirisha pale juu. Au ndiyo fundi alichoka tu?"

Wenzangu wakacheka kama kawaida yao. Bi Ludwika alitazama juu kwa muda. Kisha akaushusha mwavuli. Katika kazi yetu mwavuli ukishuka maana yake mzunguko umekwisha, basi wazee wa Toruń wakaanza kupiga makofi.

"Msipige," alisema. "Bado." Akakaa kwenye ngazi ya mlango wa ile nyumba, taratibu, akishikilia ukuta. "Ndiyo, Seweryn. Alichoka."

"Nani?" akauliza Bwana Olgierd, kamba bado mkononi.

"Fundi. Mama yangu."

Bibi mmoja wa Toruń, mnene, mwenye kofia ya sufi, aliuliza kama hii bado ni sehemu ya mzunguko. "Ni sehemu yake, bibi," alisema Bi Ludwika. "Ndiyo pekee ya kweli niliyowahi kuisema mahali hapa. Sogeeni, sina nguvu ya kupaza sauti."

Tukasogea. Alisimulia akiitazama mikono yake. Majira ya joto ya mwaka 1953 Apolonia alikuwa na miaka kumi na tisa. Waashi walifanya kazi watatu watatu, mmoja akipanga matofali, mmoja akitandaza udongo, mmoja akisogeza vifaa, na getini kulikuwa na ubao uliotaja kila siku ni watatu gani wamewapita wengine. Uwanja wa Soko ulitakiwa ufunguliwe tarehe 22 Julai, sikukuu ya taifa ya enzi zile, mvua inyeshe au jua liwake. Watatu wa Apolonia walikuwa wa pili ubaoni na walitaka kuwa wa kwanza. Walikuwa wamefanya kazi wiki ya tatu mfululizo, alfajiri hadi magharibi, na mvua ilikuwa imelowesha ramani za nyumba hadi karatasi mbili zikagandana.

"Akachukua vipimo vya nyumba ya jirani," alisema Bi Ludwika. "Akaacha tundu la dirisha kwenye ukuta usio na dirisha. Hakuligundua mpaka majukwaa ya ujenzi yanashushwa, siku tatu kabla ya sherehe. Akaketi chini hapahapa, akalia."

"Si wangeziba tu?" aliuliza mzee mmoja.

"Wangeziba, plasta isingekauka, na tundu lingeonekana kama jicho bovu mbele ya wakubwa wote. Halafu wangeulizwa nani. Siku zile kosa halikuitwa kosa, baba. Liliitwa hujuma. Watu walikwenda jela kwa kidogo kuliko hapo."

Wazee wa Toruń walitikisa vichwa. Wao hawakuhitaji kuelezwa.

Msimamizi wa pale alikuwa Bwana Hieronim fulani, mtu mkali, ambaye Apolonia alikuwa akimwogopa kuliko homa. Alikuja, akatazama tundu, akamtazama binti. Akaagiza matofali machache yapangwe ndani, yapakwe rangi nyeusi, yawekwe fremu na kioo mbele yake. Kisha katika daftari la kazi akaandika kwamba dirisha hilo limejengwa kama lilivyo katika picha ya kale. Katika picha ile, kichochoro chetu kimo ndani ya kivuli kizito. Hakuna awezaye kusema lipo wala halipo.

"Akamwinamia mama," alisema Bi Ludwika, "akamwambia: 'Wewe binti. Hujachoka. Hapa hakuna aliyechoka. Umenielewa?' Mama akaitikia. Na tangu siku hiyo, nawaambieni, sijapata kumsikia mama yangu akisema amechoka. Hata alipokuwa hospitalini mwisho wake. Nilimuuliza, mama umechoka? Akasema hapana, wala."

Alinyoosha miguu yake kwenye ngazi, goti moja baada ya jingine.

Aliendelea. Apolonia hakupita tena kichochoroni humu. Akienda kanisa kuu alizunguka upande wa pili. Binti yake alipopata kazi hii alimsimulia yote, akamwapisha asiseme mpaka yeye azikwe. Mwezi wa kwanza wa kazi mgeni mmoja akanyoosha kidole juu, akauliza. "Kusema sijui niliona aibu. Kumsema mama sikuweza. Nikatoa yale ya Bwana Hieronim, nikamsingizia mchoraji, maana yeye amekufa hana wa kumtetea. Watu wakacheka. Wakanipenda. Kesho yake nikasema tena."

"Na bunduki?" aliuliza yule bibi wa kofia ya sufi, ambaye inaonekana alishawahi kuja.

"Bunduki ni yangu mwenyewe, bibi. Mama hakuwa na bunduki."

Watu walicheka kidogo, kicheko cha kupumua. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya Bi Ludwika ilikuwa na urefu wa miaka thelathini na sita, tena kwa miguu, na nadhani alichoka nayo kuliko na ngazi zote za mji huu.

"Mama alizikwa miaka miwili iliyopita," alisema. "Ruhusa ninayo tangu siku ile. Kwa hiyo uongo wa hii miaka miwili si wake tena, ni wangu. Nilikuwa naogopa mtanicheka. Mwalimu wenu, mtahini wenu. Nimewaangusha watu kwa sababu ya dirisha hili."

Hapo alinitazama.

Nitasema kweli, kwa kuwa ameniagiza kweli. Nilikasirika. Niliukumbuka mwaka mzima wa maandazi, vidole vinanata jamu, wenzangu waliofaulu wakipita na makundi yao na kunipungia mkono. Nilikuwa na neno la kumwambia na lilikuwa limefika ulimini. Kisha nikaona jinsi miguu yake ilivyovimba juu ya viatu, na nikalimeza.

Bwana Olgierd alikohoa. "Bi Ludwika, kibao kiko ukutani tayari."

"Nakiona."

"Kina jina lako. Kwa lugha nne."

"Ndiyo maana nasema leo, sisemi Jumatatu. Kitoe, bwana mkubwa. Watu wakisoma uongo kinywani mwangu watausahau wakifika kwenye supu. Kwenye shaba hawatausahau."

Bwana Olgierd alisimama pale na kamba yake. Mwezi mzima alikuwa ameshughulikia kibao hicho. Mimi nilikuwa nimenakili maandishi yake kwa mkono wangu, na nilijua alivyokionea fahari. Angeweza kusema kwamba haya yazungumzwe ofisini. Angeweza kuvuta kamba. Nataka iandikwe katika jarida hili kwamba mkuu wetu aliiachia kamba, akageuka, akauliza kama kuna mtu mwenye bisibisi.

Kwetu sisi hakuna aliyekuwa nayo. Mzee mmoja wa Toruń, fundi umeme mstaafu, alikuwa nayo katika mfuko wa koti, kwa sababu, alisema, huwezi kujua. Kibao kilichukua dakika ishirini kutoka, na hiyo, pamoja na yale masimulizi, ndiyo sababu ya mzunguko kuchelewa, kwa wale wa ofisini waliouliza. Ukutani yalibaki matundu manne.

Wakati bisibisi ikifanya kazi, Bi Ludwika aliniita nikae naye pale kwenye ngazi. Akafungua mkoba wake, ule wa ngozi ambao ndani yake mna dawa za magoti, peremende na ramani za mji, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Niliutambua mwandiko wangu wa ujana. Karatasi yangu ya mtihani. Kwenye swali la kumi na nne sifuri nyekundu ilikuwa imekatwa kwa mstari, na pembeni yake imeandikwa: "Sahihi." Chini kulikuwa na sahihi yake na tarehe.

Niliisoma tarehe mara mbili. Haikuwa ya siku hiyo. Ilikuwa ya miaka miwili nyuma, siku tuliyokwenda wote makaburini kumzika Mama Apolonia.

"Umetembea nayo miaka miwili?" nikamuuliza.

"Kila siku. Kila siku ulipopita ukasema fundi alichoka, nikasema leo nampa. Kisha naona una kundi."

"Ungenipa tu, mama. Kundi lingesubiri."

"Najua, mwanangu. Nisamehe."

Nina miaka hamsini na mmoja na mvi, lakini nilipoitwa mwanangu pale nilijikuta natafuta leso. Nilimsamehe. Na yale maandazi nimeyasamehe pia, ingawa sitayala.

Baadaye kulikuwa na keki, hotuba, na Bwana Olgierd akisoma salamu kutoka kwa watu tusiowajua. Wazee wa Toruń hawakuwa katika mwaliko lakini walikuja wote na wakala vizuri. Ukurasa wa thelathini na moja unaandikwa upya, na Bi Ludwika ndiye anayeuandika, kwa mara ya mwisho. Swali la kumi na nne litabaki katika mtihani. Jibu limebadilika.

Kwa niaba ya watu sitini na wanne aliowafunza, wakiwemo aliowaangusha, namshukuru. Alitufundisha kutembea polepole, kumjibu mpumbavu kwa upole, na kukaa palipo na benchi. Siku ya mwisho akatufundisha jambo gumu kuliko hayo yote, akiwa ameketi kwenye ngazi, mbele ya watu thelathini na watatu.

Jumatatu zamu ya Mji wa Kale ilikuwa yangu. Nilipewa mwavuli mwekundu, na waya wake uliovunjika ukanichoma sikio kabla hatujafika hata getini. Kulikuwa na upepo, wageni walikuwa kumi na wanane, mmoja wao alishauliza kama nyumba hizi ni za zamani kweli. Kichochoroni mama mmoja aliyaona matundu manne mapya ukutani, akainua macho, akaliona dirisha. "Lile nalo ni la nini?" akauliza.

Niliwaambia wakae. Nikawaambia kwamba liliachwa na Apolonia Zaremba, fundi mwashi, mwenye miaka kumi na tisa, Julai ya mwaka 1953, kwa sababu alikuwa amechoka. Sikuongeza kitu. Walikaa wakilitazama, na hakuna aliyelalamika kwamba hakuna bunduki.

Bi Ludwika, tunakuombea kiti chenye mgongo, dirisha linalofunguka, chai isiyopoa, na miaka mingi ya kutokwenda popote kwa miguu. Ukiulizwa hali, sema ukweli. Umechoka, mama, na safari hii hakuna wa kukukataza kusema.